Mapengo ya Saa Nne

17 Machi, Jumapili

Kaunta buku hii nimepewa na dada Eliaichi, mpangaji wa chumba kinachotazamana na changu hapa Kibamba. Alisema niandike humo maneno ya kazi yake ili nisimuulize jambo moja mara tatu. Ya kwake nimeyaandika upande wa mbele. Huku nyuma nitaandika ya kwangu.

Siku ile ya mvua kubwa ya kwanza aliteleza kwenye ngazi za chooni akavunjika mkono wa kulia. Umefungwa hogo la plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, na ana kazi ya watu ambayo haiwezi kungoja mfupa uunge. Akauliza nani humu ndani anazijua herufi na hachoki haraka. Mama mwenye nyumba akanitaja mimi. Nina miaka arobaini na mbili, niliishia kidato cha pili huko Muleba, na vidole vyangu vimeliwa na saruji. Lakini herufi nazijua. Yeye anasema, mie naandika, na baada ya hapo ananipa chakula cha jioni.

Leo nimemwandikia mistari kumi na tisa kwa saa tatu. Lugha yenyewe inaitwa C, herufi moja tu. Kila mstari unaishia na nukta mkato, na ukiisahau hakuna kinachokwenda. Nimeisahau mara sita.

19 Machi

Mvua. Zege halikumwagwa.

20 Machi

Mvua.

24 Machi, Jumapili

Leo nimeuliza kazi hii ni ya nini, maana nimechoka kuandika nisichokijua.

Akaniambia faili lina ukubwa wa aina mbili. Kuna ule linaoutaja, na kuna nafasi linayoikalia kweli kwenye diski. Mara nyingi hulingana. Lakini zipo programu ambazo huanza kwa kutangaza ukubwa wote, kisha huandika kidogo hapa na kidogo kule. Pale katikati ambapo hapajaandikwa kitu, diski haitoi nafasi. Ukisoma hapo unapewa sifuri tupu, sifuri ambazo hakuna aliyeziandika. Yeye anapaita pengo. Nikamwambia nimeelewa: ni kama kiwanja cha hatua mia kwenye karatasi, ukienda unakuta kuta zimesimama pembe mbili tu, katikati nyasi. Akacheka, akasema niandike hivyo hivyo.

Wateja wake wana mafaili ya namna hiyo. Wakiyanakili kwenda diski nyingine mapengo yanajazwa sifuri za kweli na diski inafurika. Wanataka programu ya kuyatambua kwanza. Njia ya kwanza ni kuuliza kwa neno stat. Unarudishiwa st_size, ukubwa unaotajwa, na st_blocks, idadi ya vipande vilivyokaliwa, kila kipande baiti mia tano na kumi na mbili. Unazidisha. Ukipata kidogo kuliko st_size, basi kuna pengo mahali. Hujui wapi, lakini lipo.

26 Machi

Niandike na ya saiti, maana kompyuta si kazi yangu.

Tunajenga ghala la mzee Muntasir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabarani. Ukoo wao wa Kiarabu umeuza misumari mjini hapa tangu babu yake. Simpendi. Ameweka kamera juu ya mlingoti inayotazama saiti nzima, kama kwamba tutameza nondo. Msimamizi wetu ni Fransis, tumetoka naye Muleba. Ndiye aliyeniita Dar, nikalala chumbani kwake miezi miwili bila kuniuliza hata sukari. Mwenzangu wa koleo ni Romani, Mmatengo wa Mbinga, mtu wa maneno machache. Mkewe Tekla na mtoto wanaishi Chanika, upande wa pili wa mji, na huwaona Jumapili tu. Romani ana vidonda vya tumbo. Chai haigusi, na pombe aliacha mwaka wa tatu sasa.

Tumeanza kuchimba shimo la tanki la maji. Litakwenda chini futi kumi na mbili. Udongo wa huku ni mchanga juu, mfinyanzi chini. Romani aliuliza mbao za kuzuia kingo zitakuja lini. Fransis akasema zitakuja.

31 Machi, Pasaka

Asubuhi kanisani, mchana kompyuta.

Njia ya pili ni bora. Kuna neno lseek. Ukilipa SEEK_DATA linakupeleka penye kitu kilichoandikwa, ukilipa SEEK_HOLE linakupeleka pengo linapoanzia. Unakwenda hivyo hatua kwa hatua hadi mwisho, unaandika kila pengo lilipoanza na lilipoishia. Leo nilijaribu mwenyewe kwenye faili ambalo dada Eliaichi aliapa ni zima, na programu ikasema lina pengo. Nikajiona nimeharibu. Alicheka hadi akaushika mkono. Kumbe kila faili huhesabiwa kuwa na pengo pale linapokwisha, hata kama ni zima kabisa. Ukiambiwa pengo linaanza palepale penye mwisho, maana yake hakuna pengo.

Alisema, "Kaka Reve, wenye digrii wananaswa hapo."

Sijasifiwa siku nyingi.

4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Shimo limejaa hadi kiunoni.

5 Aprili

Tumevuta maji kwa pampu. Mbao hazijaja.

10 Aprili, Idi

Mzee Muntasir ametuletea sinia mbili za pilau saitini, na binti yake Salsabil ndiye aliyegawa. Nimekula. Bado simpendi.

13 Aprili

Kingo za shimo zimeanza kupasuka upande wa barabarani. Ufa unaingiza vidole vitatu. Nimemwonyesha Fransis. Akasema, niangalie koleo langu.

16 Aprili

Romani amekufa. Ukingo umemfukia shimoni.

18 Aprili

Juzi sikuweza kuandika zaidi. Leo naandika ilivyokuwa.

Usiku wa kuamkia Jumanne ilinyesha bila kupumua. Asubuhi shimo lilikuwa bwawa. Fransis alikuwa amepigiwa simu na mzee Muntasir kuuliza tanki litajengwa lini, akawa na uso mbaya tangu saa moja. Saa nne tukaenda chai, wote isipokuwa Romani. Yeye alibaki amekaa kwenye rundo la tofali, anakula kiazi chake. Mie nilikuwa mlangoni pa kontena la kuwekea saruji, hatua kama ishirini kutoka shimoni. Nikamsikia Fransis anamwambia, "Shuka uiweke pampu, hao wakimaliza chai wakute maji yamepungua." Romani akajibu kwamba ufa wa jana umeongezeka, angoje tuje tumshikie kamba. Fransis akasema, "Umekuwa injinia lini wewe? Shuka."

Romani akaibeba pampu akashuka.

Sikuona ukingo unavyoanguka. Nilisikia tu, kama gunia la mahindi limeshushwa. Tulichimba kwa makoleo, kisha kwa mikono kwa kuogopa kumkata. Tulimfikia baada ya nusu saa. Pampu alikuwa bado ameikumbatia.

Watu wa serikali walipokuja jioni, Fransis aliwaambia kwamba marehemu alikatazwa kushuka akakaidi, na kwamba alinuka gongo. Alisema mbele yetu. Kila mtu akatazama chini. Mie pia nilitazama chini.

Aliyesikia maneno yale ni mimi peke yangu. Wengine walikuwa nyuma ya kontena. Nimeyaandika humu, lakini sijamwambia mtu. Fransis ndiye aliyenipa kitanda nilipokuwa sina. Halafu kamera ilikuwa pale juu, inatazama. Picha itaonyesha Fransis anamnyooshea kidole ashuke. Picha haina wa kwao wala haidaiwi fadhila. Itasema yenyewe.

20 Aprili

Tumemzika Chanika. Makaburi yalikuwa tope tupu, jeneza liliteremshwa juu ya maji. Baba yake hakuja. Habari ya gongo imefika Mbinga kabla ya habari ya mazishi, na mzee amesema mtoto aliyekufa kwa ulevi azikwe na walevi wenzake.

Tekla hakulia makaburini. Alinisogelea wakati watu wanatawanyika, akaniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwepo. Alikuwa amelewa?"

Nikasema hapana. Akaniuliza nani alimtuma. Nikamwambia nilikuwa kwenye chai, lakini kuna kamera.

23 Aprili

Mvua. Kuta za ghala zinaendelea. Shimo limezungushiwa kamba.

26 Aprili

Tekla alikuja hadi Kibamba na flashi ndani ya leso. Mzee Muntasir amempa alipomwomba, faili la siku nzima ya tarehe kumi na sita. Amelitazama kwa jirani mwenye kompyuta. Picha inakwenda vizuri tangu saa sita ya usiku, watu wanaingia saiti, Romani anaonekana amebeba ndoo. Saa nne na dakika nne inakuwa nyeusi. Inarudi saa tano kasoro dakika tisa, sote tuko shimoni tunachimba kwa mikono.

Tekla alisema hataki kingine. Anataka baba mkwe wake aone kwa macho kwamba mwanawe alitumwa, na hakuwa amelewa. Mtoto wao ana miaka minne. Hataki akue kwa babu yake akiitwa mtoto wa mlevi.

Nilimwambia ninaye mtu mwenye programu.

28 Aprili, Jumapili

Tumeipitisha programu kwenye faili la flashi. Niliandika mwenyewe, dada Eliaichi alisimama nyuma yangu.

Ukubwa unaotajwa na vipande vilivyokaliwa vimelingana. SEEK_HOLE ikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa faili. Hakuna pengo. Tulipozisoma zile dakika nyeusi zenyewe tukakuta sifuri, sifuri, sifuri, za kweli, zimekalia nafasi kwenye diski.

Nikamwuliza maana yake. Akasema mashine za kamera nazo hutangaza ukubwa wa siku nzima kwanza, hivyo kama ingekuwa imezimwa, pale pangebaki pengo, maana hakuna ambaye angeandika chochote. Sifuri zikiwa zimeandikwa, inaelekea mtu amezipitisha juu ya kilichokuwepo.

"Amefuta," nikasema.

"Inaelekea."

Neno hilo la inaelekea sikutaka kulisikia. Mzee Muntasir amefuta. Damu yangu ilichemka, na niseme kweli, nilifurahi pia. Kama tajiri ndiye mwovu, basi nisichokisema mimi ni kidogo.

30 Aprili

Nimewaambia wenzangu wote saitini. Nimempigia Tekla. Niliwaeleza kwa kujiamini, st_size na vipande, wakanisikiliza kama mwalimu. Fransis alikuwepo, akasikia, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akasema kwamba matajiri ndivyo walivyo.

2 Mei

Jioni watu walikwenda dukani kwa mzee Muntasir. Watatu walikuwa wa saiti yetu, wengine siwajui, vijana wa mtaani waliosikia kuna Mwarabu amefuta ushahidi wa maiti. Walirusha mawe. Kioo cha mbele chote kimeshuka. Salsabil alikuwa kaunta anafunga hesabu. Jiwe limempata juu ya jicho.

Sikwenda nao. Lakini lile neno la kufuta walilitoa kwangu.

3 Mei

Mvua. Sikula.

5 Mei, Jumapili

Dada Eliaichi aligonga mlango wangu hata chai sijanywa. Mteja wake amempigia simu kulalamika: amechukua faili lenye mapengo, amelinakili kwenye flashi, na programu yetu inasema halina pengo hata moja.

Aliketi kwenye ndoo yangu akaniambia polepole. Flashi hizi za kawaida zimepangwa kwa namna isiyojua mapengo. Ukiipa faili lenye pengo, inaandika sifuri za kweli mahali pote pale. Ni tatizo lile lile ambalo wateja wake walimlipia alitatue. Mie nililiandika humu tarehe ishirini na nne ya mwezi wa tatu kwa mkono wangu. Kwamba ukinakili, mapengo yanajazwa. Tulikuwa nalo mbele ya macho wiki sita, na faili lilipokuja kwenye leso ya mjane hatukuuliza limesafiri na nini.

"Kwa hiyo hakufuta?"

"Sijui. Kwenye flashi, aliyefuta na asiyefuta wanafanana. Jibu liko kwenye diski yenyewe, ile ya saitini. Ilinipasa nikuambie siku ile kwamba sijui."

Ulisema inaelekea, nikamwambia. Mie ndiye niliyelitupa neno hilo.

7 Mei

Nimekwenda kwa mzee Muntasir. Duka limezibwa kwa mabati. Salsabil alikuwa amekaa ndani, nusu ya uso imefungwa bandeji, anaendelea kuandika risiti. Nilimpa baba yake shikamoo. Aliitikia. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema kwamba amefuta, na kwamba nilisema kabla ya kujua.

Akauliza kama ninazo kelele nyingine au nimemaliza. Nikamweleza kuhusu diski. Hakunikatiza hata mara moja.

Akasema, "Njooni na mashine yenu Alhamisi. Mie sijafuta kitu, lakini mpwa wangu Khalil ndiye anayeshika kompyuta ya kamera iliyoko kontenani, na watu wa saiti wanaingia humo na kutoka. Kama kuna uchafu, nataka niuone kabla sijazeeka."

Nikiwa natoka Salsabil alisema bila kuinua kichwa kwamba mguu wangu umekanyaga kioo. Kweli, ndala ilikuwa na kipande.

9 Mei

Naandika yote.

Tulikuwa wanne kontenani: mzee Muntasir, mpwa wake Khalil, dada Eliaichi na mimi. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, iko juu ya meza ya mbao kati ya mifuko ya saruji. Khalil alieleza inavyofanya kazi. Kila saa sita ya usiku inaanza faili jipya na kulitangazia ukubwa wa siku nzima. Kisha kila sekunde ya picha inaandikwa mahali pake, kwa kufuata saa. Mahali ndani ya faili pakijulikana, saa inajulikana.

Nikaandika amri mimi, kwa kuwa mkono wa dada bado. Tarehe kumi na sita ya Aprili. Nikabonyeza.

Ukubwa na vipande havikulingana. Pengo moja. Dada Eliaichi akapiga hesabu ya mahali kwa sekunde: linaanza saa nne na dakika nne, linaishia saa tano kasoro dakika tisa.

Akasema hapo hapajaandikwa kitu. Hapakufutwa, hapakuandikwa. Kompyuta haikuwa na umeme.

Mzee Muntasir akasema, "Kwa hiyo sikufuta."

"Hukufuta, mzee. Tusamehe."

Khalil akasema ametaka kulisema hilo wiki nzima, nani angemsikiliza. Dada Eliaichi, kwa uaminifu wake, akaongeza kwamba fundi hodari anaweza kutoboa pengo baadaye. Ili kuondoa shaka, tupitie na siku nyingine. Nikaandika amri ya mwezi mzima.

Ikashuka kwenye kioo mstari mmoja mmoja. Tarehe kumi na tano, pengo, saa nne na dakika mbili. Tarehe kumi na tatu, pengo, saa nne na dakika sita. Tarehe kumi na mbili, saa nne na dakika tatu. Kila siku pengo moja, dakika arobaini au hamsini, karibu saa ile ile. Tarehe kumi na nne hakuna. Tarehe saba hakuna.

"Fundi gani atatoboa mwezi mzima kila siku saa nne," dada Eliaichi akasema, akijisemea mwenyewe.

Khalil akasema labda umeme wa mtaa. Mzee Muntasir alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, kwenye zile tarehe zisizo na pengo.

"Hizi ni Jumapili," akasema. "Jumapili ina nini?"

Mie nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu mstari wa pili. Kontena lina soketi moja tu. Kwenye soketi hiyo kuna waya mmoja, wa kompyuta. Saa nne mtu wa zamu ya chai anauchomoa waya, anachomeka jagi la umeme, maji yanachemka mara tatu kwa watu kumi na wanane, tunakunywa, tunaosha, ndipo anaurudisha waya. Tumefanya hivyo tangu kontena lilipoletwa. Sikuwahi kuliandika humu. Nani anaandika kwamba amechemsha maji?

Jumanne ya tarehe kumi na sita zamu ilikuwa yangu. Ndiyo maana nilikuwa mlangoni pa kontena. Ndiyo maana nilisikia. Waya aliurudisha mwingine, mie nikiwa shimoni.

Nikasema, "Jumapili hatunywi chai."

Hakuna aliyeelewa. Nikainama, nikaushika waya, nikawaonyesha. Nikawaambia jagi liko nyuma ya mfuko ule, na aliyechomoa siku ile ni mimi.

Mzee Muntasir alikaa juu ya mfuko wa saruji, shati jeupe na yote. Akasema, "Binti yangu ameshonwa nyuzi saba." Kisha akamwambia Khalil achapishe ile orodha yote, ampelekee mkaguzi wa serikali anayechunguza kifo cha Romani.

10 Mei

Mvua. Nimechomoa na kuchomeka waya ule kichwani siku nzima.

11 Mei

Fransis alinisubiri njiani baada ya kazi. Habari za kontena zimemfikia. Alinunua mahindi mawili ya kuchoma akanipa moja, kama zamani.

Alisema ana rafiki anayejenga Bunju, ghorofa mbili, kazi ya mwaka mzima, na jina langu ameshalitaja. Akauliza mama yangu anaendeleaje na miguu. Mvua ilianza kudondoka, akasimama karibu yangu chini ya bati la kibanda.

"Reve, picha haipo. Aliyekufa keshakufa. Tumebaki mimi na wewe, na sie ni wa nyumba moja. Ukisema, unamsemea nani?"

Hindi nilikuwa nimelila nusu. Nilitembea nalo hadi nyumbani nikashindwa kulimaliza na nikashindwa kulitupa.

Niandike kweli mwisho wa leo. Wiki tatu nimeitafuta picha kwa stat, kwa lseek, kwa mawe ya watu wengine. Nilichokuwa natafuta ni kitu cha kusema badala yangu.

12 Mei, Jumapili

Nimekwenda Chanika kumwambia Tekla. Sikumpata, amekwenda stendi kumpokea baba mkwe. Mzee amekubali kuja kusikiliza kikao cha mkaguzi keshokutwa. Nimerudi bila kumwambia mtu.

14 Mei

Kikao kilifanyika ofisi ya kata. Mkaguzi wa usalama kazini ni mama mmoja mtu mzima, anaandika kila neno. Walikuwepo mzee Muntasir na Khalil, Fransis, dada Eliaichi na karatasi zake, Tekla, na baba yake Romani. Ni mzee mfupi, koti la suti juu ya sweta, viatu vimefutwa tope kwa majani. Alikaa mbali na mkamwana wake.

Dada Eliaichi alieleza mapengo. Alieleza vizuri, hata karani alielewa. Alikiri pia kosa la flashi, kwamba ni letu. Mkaguzi akauliza nani alikuwa anachomoa waya. Nikasimama.

Nikasema siku ile ni mimi. Nikasikia Tekla anageuka kwenye kiti. Sikumtazama, maana ningemtazama ningekaa. Nikaendelea. Nikasema nilikuwa mlangoni na jagi mkononi, na nikayarudia maneno ya Fransis kama nilivyoyaandika humu tarehe kumi na nane, na majibu ya Romani, kwamba ufa umeongezeka, kwamba angoje kamba. Nikasema hakukuwa na gongo. Nikasema tulimkuta ameikumbatia pampu.

Fransis hakupandisha sauti. Alisimama na kofia mkononi.

"Mheshimiwa, huyu ni mdogo wangu, nimemlea mjini hapa. Ameanza kwa kusema bosi amefuta, watu wakavunja duka na kumjeruhi mtoto wa watu. Leo anasema yeye mwenyewe ndiye aliyezima kamera. Siku ya tukio aliulizwa kama sote, akanyamaza. Sasa mnamwamini yupi kati ya hao watatu?"

Hakuna hata neno moja la uongo hapo.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Alisema maelezo yanapingana na hakuna shahidi wa pili. Shimo lifungwe mpaka kingo zizuiwe kwa mbao, na mwenye saiti na msimamizi watajibu kwa maandishi kwa nini mbao hazikuwepo. Kuhusu nani alimtuma marehemu hatatamka. Gongo ataliondoa kwenye taarifa, maana hakuna aliyelithibitisha.

Watu walipoanza kutoka, baba yake Romani alinifuata. Ana macho mekundu ya moshi.

"Alisema angoje kamba?"

"Ndiyo, baba. Alisema angoje kamba."

"Sema tena alivyosema."

Nikarudia. Akanitaka mara ya tatu. Nikarudia.

15 Mei

Fransis ameniambia nisirudi. Alinitumia mtu.

Dada Eliaichi amefunguliwa plasta. Mkono umekonda kama wa mtoto. Amesema sasa ataandika mwenyewe, lakini nikitaka, Jumapili nije nijifunze kwa ajili yangu. Nimemwambia nitaona.

16 Mei

Tekla alipiga simu asubuhi, akasema mzee ananiita Chanika. Nilikwenda nikijua naweza kutukanwa.

Walikuwa wanafunga mizigo. Tekla na mtoto wanakwenda Mbinga na babu. Mzee alisema kule kuna watu wengi waliosikia habari ya gongo, na yeye si msemaji. Anataka karatasi. Niandike nilichosikia na nilichofanya, na saa zake.

Nilikaa kwenye kigoda nikaandika kurasa mbili. Nilianza na mvua ya usiku ule, nikamaliza na pampu. Sikuruka kitu. Mzee hajui kusoma, akampa Tekla asome kwa sauti. Alisoma bila kutetemeka hadi alipofika pale nilipouchomoa waya wa kamera. Mikono yake ilishuka na karatasi hadi magotini. Mtoto alikuwa anavuta kamba ya begi, ikasikika hiyo tu.

"Soma yote," mzee akasema.

Akainua karatasi akasoma yote.

"Nani kaandika?" mzee akauliza, ingawa alikuwa ananitazama.

"Mie, baba."

"Mbona jina halipo? Weka jina lako lote, na la baba yako, na kijiji chenu. Kule wataniuliza ni nani kasema, nami sitasema ni mtu fulani."

Nikaandika: Revelian Mutalemwa, wa Kamachumu, Muleba. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaupapasa kwa nje kuhakikisha ipo.

Hakunipa mkono.